Betri Yenye Afya ya Mia kwa Mia

Nchi ninayoisimulia haina haja ya kutajwa jina. Wenyeji wanaijua, na wageni huambiwa wakifika uwanja wa ndege. Ni nchi nzuri, yenye bendera kubwa kuliko za jirani zake, na mimi nimeitumikia kwa miaka tisa kama Mlinzi wa Chaji, Daraja la Tatu, katika Mahakama ya Wilaya ya Bondeni. Nitaeleza yaliyotokea kwa mpangilio na bila kumlaumu mtu, kwa sababu kila nikitafuta wa kumlaumu nakuta alikuwa anafuata utaratibu.

Utaratibu ulianza siku kompyuta ilipoletwa. Ilikuwa kompyuta mpakato moja, nyeusi, ukubwa wa sinia la chai, na ilisindikizwa na magari manne. La kwanza lilibeba kompyuta, la pili chaja, la tatu mgeni rasmi, na la nne bendi. Tuliambiwa kwamba kuanzia siku ile karatasi zimestaafu. Majalada yote ya mahakama yalichomwa uwanjani, mgeni rasmi akahutubia huku moshi ukimwingia machoni, na watu wengi walidhani analia kwa uzalendo.

Baada ya hapo zikaja sheria za kuitumia.

Katiba ya nchi ile inasema mahakama itakuwa huru na haitategemea mhimili mwingine wowote wa dola. Mwanasheria Mkuu alikaa na kifungu hicho akagundua jambo ambalo wengi hatukuliona: umeme ni wa Serikali. Kompyuta ya mahakama ikinyonya umeme wa Serikali wakati kesi inasikilizwa, hakimu atakuwa anaitegemea Serikali kwa waya unaoonekana kwa macho. Ikaamriwa kwamba shauri likianza, chaja ichomolewe. Kwa njia hiyo uhuru wa mahakama ulidumu kadiri betri ilivyodumu. Mwanzoni ulidumu saa nne na dakika kumi.

Sheria ya pili ilihusu muda ambao hakuna kesi. Kaulimbiu ya nchi ni Mia kwa Mia, na ilionekana haifai kifaa cha dola kikutwe kina asilimia tisini na saba, kana kwamba dola imepungukiwa. Kwa hiyo, kuanzia kesi inapokwisha hadi inapoanza nyingine, kompyuta ilitakiwa ikae kwenye umeme, ikiwa imejaa, wiki kwa wiki, na ifunikwe kitambaa cha mahameli chenye rangi za taifa ili isiingie vumbi.

Mimi sikusomea betri. Nilijifunza kwa kufungua redio zilizokufa, baadaye simu, na kwa kusoma vile vikaratasi vyembamba ambavyo watu huvitupa pamoja na boksi. Vikaratasi vile vyote, hata vile vya kampuni zinazochukiana, vinasema jambo moja. Betri haipendi kujazwa pomoni na kuachwa hivyo. Haipendi joto. Inapenda kukaa kati, tuseme kati ya asilimia ishirini na themanini, mahali penye hewa. Mfikirie mtu umlishe pilau mpaka koo lijae, umlaze, umfunike blanketi la manyoya mwezi wa Februari, na kila akisaga punje moja umwongeze nyingine. Hatakufa leo. Lakini hatakuwa yule yule.

Niliandika hayo kwenye barua, kwa heshima, nikaipeleka ngazi ya juu. Nilipendekeza kompyuta iachwe kwenye asilimia sitini kesi zinapokuwa hazipo, na mahameli yaondolewe.

Jibu lilikuja na mhuri. Lilisema: "Ofisi imesikitishwa kusoma kwamba wapo watumishi wanaotaka dola ifanye kazi kwa asilimia sitini. Unatakiwa ueleze ndani ya siku saba zile asilimia arobaini unazokusudia kuzificha utaziweka wapi."

Nilieleza ndani ya siku tano.

*

Kesi zilikuwa nyingi, lakini nitafuata moja, ya Mbaruku Kitunzi.

Mbaruku ni mwashi. Mbele ya nyumba yake palikuwa na shimo barabarani, na shimo lile lilikuwa limeandikishwa. Lilikuwa na namba, ramani na kamati. Lilikuwa limeingizwa kwenye mpango wa miaka mitano mara tatu mfululizo, na wafadhili walikuwa wameletwa kulipiga picha. Siku moja mke wake, Siwema, akitoka sokoni alitumbukia ndani yake akavunjika mguu. Mbaruku akachukua toroli, kokoto na mifuko miwili ya saruji, akalifukia asubuhi moja kabla ya chai. Saa nne alikuwa ameshakamatwa. Shtaka lilisomeka: kuharibu shimo la Serikali. Dhamana ilikataliwa, kwa hoja kwamba mtu aliyefukia shimo moja anaweza kufukia jingine.

Mfumo uliowekwa kwenye kompyuta ulikuwa na vitufe viwili tu vya maana. Kimoja kiliandikwa HIFADHI. Shauri likisikilizwa lote, toka ufunguzi hadi hukumu, hakimu hukibonyeza, nembo ya taifa huzunguka kwa dakika mbili, na kesi inakuwa imekwisha. Kingine kiliandikwa AHIRISHA. Betri ikikaribia kwisha kabla ya hukumu, hakimu hukibonyeza, kila kilichosemwa hufutika, na baada ya miezi mitatu shauri huanza upya toka neno la kwanza. Haki, tulielezwa, haianzi katikati. Na kisichohifadhiwa hakikusemwa.

Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya hakimu nikitazama asilimia. Ikifika tano nilisema, "Mheshimiwa, tano," naye akabonyeza.

Siku Mbaruku alipopandishwa kizimbani mara ya kwanza, betri ilikuwa inadumu saa tatu na dakika ishirini. Mwendesha mashtaka, Bwana Zakwani, alileta mashahidi thelathini na mmoja walioliona shimo likiwa hai. Mhandisi mmoja alieleza kina chake kwa saa nzima. Upande wa utetezi ulipoitwa, Mbaruku alisimama, akakohoa kidogo kusafisha koo, nami nikasema, "Mheshimiwa, tano."

Hakimu, Bi Tekla Mwambije, alimtazama kwa huruma. Ni mama mtaratibu, hajawahi kumkaripia mtu. "Miezi mitatu si mingi, mwanangu," alimwambia.

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Wakati ule haikuwa mingi.

*

Nilikuwa na daftari. Kila tarehe moja nilipima afya ya betri na kuiandika. Mwaka wa kwanza, tisini na nne. Wa pili, themanini na moja. Wa tatu, sitini na sita. Vikaratasi vinasema betri iliyotunzwa vizuri inaweza kufika umri huo ikiwa na themanini na tano au zaidi, lakini vikaratasi havikuandikwa na watu wa kwetu.

Nilijaribu njia ndogondogo. Nilipunguza mwanga wa kioo, kwa sababu kioo hunywa chaji kuliko kitu kingine chochote. Ofisa Itifaki akaja kulalamika kwamba picha ya Kiongozi iliyo nyuma ya maandishi imeonekana ina kiza usoni. Nikaurudisha mwanga. Nilitaka kuzima video ya ufunguzi, ile inayotaja majina yote ya Kiongozi na maana zake kwa dakika sita, ichezwe kwenye redio ya kawaida pembeni. Nikaambiwa nilete kwa maandishi jina ambalo naona halina umuhimu. Sikulipata.

Basi nikaandika ripoti ya afya, kama fomu inavyotaka, ili tupewe betri mpya. Betri yenyewe ni kitu cha skrubu nane. Mtu mwenye bisibisi ndogo na mkono usiotetemeka humaliza kabla chai haijapoa.

Fomu ile ilikuwa na nafasi tano za sahihi. Mimi niliandika thelathini na nane, kwa sababu wakati huo ilikuwa thelathini na nane. Mtendaji wa mahakama aliniita ofisini.

"Fundi, hii thelathini na nane umeipata wapi?"

"Nimepima, mkuu."

"Umepima asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Ndiyo maana. Asubuhi kila mtu yuko hivyo." Akaandika arobaini na tano, akasaini. "Tuweke na matumaini kidogo. Siwezi kupeleka wilayani karatasi inayoonekana kama cheti cha kifo."

Wilayani wakaona arobaini na tano haifanani na hadhi ya wilaya, wakaweka sitini. Mkoani wakaweka themanini. Wizarani walikuta nafasi moja imebaki na kaulimbiu iko ukutani mbele yao, wakaweka mia. Sidhani kama kuna aliyedanganya. Kila mmoja alisogeza kidogo tu, kama unavyomsogezea mgeni sahani.

Betri mpya haikuja. Kilichokuja ni cheti cha pongezi ndani ya fremu, pamoja na maelezo kwamba betri yenye afya ya mia kwa mia haibadilishwi, na atakayeibadilisha atashtakiwa kwa ubadhirifu. Cheti tulikitundika juu ya meza ya hakimu.

*

Mbaruku naye alikuwa anapima, kwa njia yake.

Mahabusu iko nyuma ya mahakama, ukuta kwa ukuta, na mimi nilikuwa nikimpitia dirishani kila nikishapima. Si utaratibu, lakini hakuna utaratibu unaoukataza. Nilimtajia namba, naye akaenda kuukata utetezi wake.

Utetezi wa kwanza ulikuwa wa saa tatu. Ulikuwa na barua saba alizowahi kuandika kuomba shimo lifukiwe, na majibu yake. Ulikuwa na majirani waliowahi kuanguka, kwa majina na kwa mwaka. Afya ilipofika sitini na sita alikata majirani. Ilipofika hamsini alikata barua, akaacha moja. Ilipofika thelathini na nane, siku ya kuonana na ndugu, nilikuwepo alipomsomea mkewe kile kilichobaki. Siwema aliegemea mkongojo wake akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba Tunu," alisema, "mbona sijasikia mguu wangu?"

"Nimeukata."

"Umekata mguu wangu?"

"Dakika mbili na nusu ule, Mama Tunu. Fundi anasema hatuna."

Siwema alinigeukia. "Eti fundi. Mguu nivunjike mimi, halafu kwenye kesi iwe barabara tu ndiyo iliyoumia?"

Nilifunga daftari. Mbaruku akafikiri kidogo, akasema labda ataingiza neno moja.

"Neno gani?"

"Nitasema 'watu'. Na wewe utakuwa humo."

"Na nani mwingine?"

"Wote."

Siwema alicheka kwa pua, akamwambia miaka minne ya kula dagaa wa mahabusu imemfanya bahili. Lakini aliondoka akiwa amenuna kweli. Niliona.

*

Afya ilipofika asilimia nane, meza ya hakimu ikaanza kucheza. Niliichunguza miguu yote minne nikakuta iko sawa. Kisha nikainua kompyuta nikaona chini yake pametuna kama kitumbua. Betri ilikuwa imevimba.

Hili si la mzaha. Betri iliyovimba haikandamizwi, haitobolewi, haichajiwi tena. Inaondolewa polepole na kuwekwa mbali na watu. Niliandika barua yenye neno DHARURA. Kwa bahati njema, wiki ile tulikuwa tunatembelewa na Kamishna wa Afya za Betri za Taifa, Mheshimiwa Daktari Injinia Sururu. Udaktari wake ulikuwa wa heshima na uinjinia wake ulikuwa wa urithi, lakini alivaa koti la maabara jeupe na alikuwa na adabu sana.

Alifunua mahameli, akaweka kiganja juu ya kompyuta. "Ina moto," alisema kwa kuridhika. "Inachapa kazi."

"Mheshimiwa, imevimba," nilisema.

Msaidizi wake akaacha kuandika. Kamishna alinitazama bila hasira.

"Umesoma wapi, kijana?" Nina miaka hamsini na mmoja.

"Nimejisomea, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Inaonekana. Mtu aliyejisomea huona kitu halafu anakitaja. Msomi huona kitu akauliza kinatakiwa kiitweje." Akawageukia watumishi tuliopangwa mstari, akapandisha sauti kidogo. "Ndugu zangu, ziko nchi ambazo betri zao zinakonda. Tumezitembelea, tumeziona, tumesikitika. Leo Bondeni nimekuta betri iliyonawiri. Imeingia humu nyembamba kama wembe, angalia ilivyo sasa. Nani atasema hatujaleta maendeleo?"

Tulipiga makofi. Bi Tekla alipiga kwa vidole viwili.

Kamishna alipokuwa anapanda gari nilimfuata, nikamwambia taratibu kwamba ndani ya kompyuta ile kuna kesi ya mtu, na kwamba muda uliobaki sasa hautoshi hata kumsikiliza. Alinishika bega.

"Naelewa, fundi. Kweli naelewa. Hata simu yangu mimi haifiki saa sita. Lakini nikiandika kwamba moja ni mbovu, watauliza nyingine mia nne zikoje."

"Zikoje, Mheshimiwa?"

Alifunga mlango wa gari polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

*

Hapo ndipo nilipovunja sheria. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya kikao. Nilikuwa nikiingia mahakamani saa sita mchana, wakati wa chakula, nakunja mahameli nayaweka kitini, nachomoa chaja, naiacha kompyuta ishuke hadi sitini ikipigwa na hewa ya dirisha. Nilijua haitapona. Betri iliyochakaa hairudi ujana. Unaweza tu kuiomba isizeeke haraka. Lakini ikipoa, nilifikiri, huenda itanipa dakika moja au mbili.

Siku ya tatu Bi Tekla alinikuta. Alitazama chaja sakafuni, akatazama mahameli kitini.

"Unapunguza dola?"

"Naipumzisha, Mheshimiwa."

Alikaa akafungua chakula chake. "Mimi sijaona kitu. Tumepata ngapi?"

"Dakika kumi na tisa. Nikiwa na bahati."

"Video sita. Shtaka tano, hilo halipunguziki, lina vipimo vya shimo. Kuhifadhi mbili." Alihesabu kwa kijiko. "Hukumu nitaisema kwa neno moja. Zakwani je?"

Tulimwita Zakwani. Ni mtu mwenye maneno, kila kesi kwake ni harusi, na nilidhani atakataa. Alisimama mlangoni akazungusha funguo kidoleni.

"Miaka sita naliongelea shimo moja," alisema. "Mke wangu nyumbani ananiita Bwana Shimo. Watoto wanakijua kina chake. Mnataka niseme nini?"

"Dakika moja," alisema Bi Tekla.

"Nitawapa nusu."

Jioni nilimpelekea Mbaruku habari kwamba atakuwa na dakika mbili, na tatu nyingine za akiba. Aliangalia vidole vyake, akavihesabu. Nilidhani anafurahi.

"Nilishajiandaa kwa sekunde arobaini," alisema hatimaye. "Sasa hizo zilizozidi nitaweka nini?"

"Chochote, ndugu yangu. Ulikuwa na saa tatu."

"Nilikuwa nazo. Sasa kila nikizirudisha naona ni maneno tu."

*

Kikao kilifunguliwa Jumanne saa tatu asubuhi. Tulikuwa watu watano ndani: Bi Tekla mezani, Zakwani, Mbaruku kizimbani, Siwema kwenye benchi la wananchi, na mimi nyuma na daftari. Askari alifunga mlango kwa nje, kama kawaida, akasubiri shauri lihifadhiwe au liahirishwe ndipo afungue.

Nilichomoa chaja. Video ikacheza majina yote ya Kiongozi. Shtaka likasomwa, Bi Tekla alilisoma bila kumeza mate. Asilimia ilishuka vizuri, bila kuruka: themanini, sitini na nane, hamsini na moja. Zakwani akasimama.

"Mheshimiwa, shimo lilikuwepo. Sasa halipo. Nimemaliza."

Asilimia arobaini na nne.

"Mshtakiwa," alisema Bi Tekla, "una la kujitetea?"

Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sita Mbaruku alifungua kinywa na sikusema kitu.

"Ninalo, Mheshimiwa," alisema. "Nililifukia mimi. Watu walikuwa wanaanguka." Akamtazama Siwema, akaongeza, bila haraka, "Mke wangu alivunjika mguu wa kushoto. Hapa, chini ya goti."

Alikaa. Siwema alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili, anatazama sakafuni.

Asilimia thelathini na moja. Bi Tekla alisema neno lake moja, nalo lilikuwa "Huru." Akaliandika, akabonyeza HIFADHI. Nembo ya taifa ikaanza kuzunguka. Nilihesabu pamoja nayo. Ishirini na sita. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Zilibaki sekunde chache, na kumi na tisa ni chaji ya kutosha kabisa.

Kioo kikawa cheusi.

Nilijua kitu hiki. Kimo kwenye vikaratasi. Betri iliyochakaa husema uongo mwishoni. Inatangaza kumi na tisa na ndani hamna kitu. Haina nia mbaya. Haijui tena ujazo wake. Nilijua, na bado niliisimamia nikiiamini, kwa sababu siku ile nilitaka kuiamini.

Nilibonyeza kitufe cha kuwashia, hakikuitika. Kisha Mbaruku akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mheshimiwa, si umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema Bi Tekla. "Mimi nimekusikia. Mahakama haijakusikia."

*

Tuliandika maelezo, tukayapitisha chini ya mlango, askari akayapeleka. Jibu la Wizara lilifika kesho yake, nalo lilipitishwa chini ya mlango vilevile. Bi Tekla alilisoma kwa sauti:

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba betri ya mahakama yenu ina afya ya mia kwa mia. Betri ya aina hiyo haizimiki. Kwa hiyo kompyuta haijazimika, na shauri halijahifadhiwa wala kuahirishwa, maana yake linaendelea. Hakuna anayeruhusiwa kutoka katika shauri linaloendelea. Aidha, mnakumbushwa kutochomeka chaja wakati wa shauri, ili kulinda uhuru wenu."

Zakwani aliomba alisome mwenyewe. Alilisoma mara mbili, kitaalamu, akatafuta mwanya. Akalikunja. "Limeandikwa vizuri," alisema.

Leo ni siku ya kumi na saba. Kompyuta nimeiweka kwenye kona ya sakafu ya vigae, mbali na watu, na nimewaonya wasiiguse. Chakula kinapitishwa dirishani. Mbaruku ndiye aliyetufundisha mambo ya lazima: koti hukunjwa vipi likawa mto, maji ya kopo moja yanagawanywa vipi yakatosha kunawa na kunywa, na kwamba mtu asihesabu siku kabla ya kula. Hajatucheka. Siwema amehama benchi la wananchi, amekaa kwenye ngazi ya kizimba, na wanaongea kwa sauti ya chini kutwa. Wana miaka sita ya kuongelea.

Siku ya nne Zakwani ndiye aliyeomba. Alisema amekuwa akijiuliza muda wote zile barua saba zilisemaje. Basi Mbaruku akasimama, akatoa utetezi wake mzima wa saa tatu, na barua, na majirani kwa majina, na mguu kwa kirefu. Alikuwa amesahau sehemu mbili, Siwema akamkumbusha. Alipomaliza Zakwani hakuuliza swali. Bi Tekla alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa joho.

"Huna hatia," alimwambia. "Nakwambia mimi Tekla."

"Nashukuru, mama," alisema Mbaruku, akakaa.

Wizarani nimewaandikia tena, barua ya tatu, kwa heshima. Nimeomba mtu mmoja tu aje na kipimo. Sijajibiwa, na siwezi kusema wamekosea, kwa sababu fomu ya kuomba kipimo inataka mwombaji aifuate mwenyewe kwenye dirisha la Wizara.

Jana jioni Zakwani alikuwa amelala chali juu ya meza ya mashtaka, anatazama dari. Alimuuliza Mbaruku mtu huchukua muda gani kuzoea.

Mbaruku alilifikiria swali lile kwa uaminifu, kama mtu aliyeapishwa.

"Mwaka wa pili," alisema. "Wa kwanza bado unasikiliza mlango."